Kopo Chini ya Mkwaju

Wasomaji wapenzi, naomba nafasi katika gazeti letu la shule nitoe shauri moja, na pamoja na shauri hilo niungame kosa. Shauri langu ni kwamba shule yetu ianzishe chama cha mchezo wa kusaka hazina kwa dira na kwa namba za ramani. Kosa langu ni kwamba mimi mwenyewe nilikwisha kuujaribu mchezo huo kijijini bila kumwuliza mtu, na nusura nilete msiba. Nimeona ni haki nieleze yote mawili, maana mtu anayesifu kitu huku akificha ubaya wake si mshauri bali ni mchuuzi.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, kwani najua wazazi wengi na hata baadhi ya wanafunzi wenzangu hawajausikia. Wenyewe huuita jiokashingi. Mimi nitauita msako wa kopo, ili tuelewane. Mtu mmoja huchukua kopo au kisanduku kisichoingiza maji, akatia ndani kidaftari na penseli, na pengine vitu vidogo vya kuchezea. Kisha hulificha mahali penye kupendeza: chini ya jiwe, katika pango la mti mkuu, kando ya daraja la zamani. Akiisha kulificha hupima mahali hapo kwa mtambo unaopokea ishara za setilaiti, akapata namba za latitudo na longitudo, na namba hizo huzitangaza. Mtu mwingine yeyote, wa karibu au wa mbali, huzichukua namba hizo akaenda kutafuta. Akilipata kopo huandika jina lake na tarehe katika daftari. Akichukua kitu huacha kingine chenye thamani iyo hiyo au zaidi. Kisha hulirudisha kopo palepale kama alivyolikuta. Basi. Hakuna kombe, hakuna refa, wala hakuna wa kwanza na wa mwisho.

Mchezo huu ni wa juzi tu, lakini mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 1854, katika nyika za Dartmoor huko kusini-magharibi mwa Uingereza, mwongoza wageni aliyeitwa James Perrott aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, ili kila aliyefika huko kwa miguu aache kadi yenye jina lake. Kufika kulikuwa na taabu, na kadi ilikuwa ushahidi. Hata hapa kwetu, juu ya Kilimanjaro penye mita 5,895, kwa miaka mingi lilikuwako sanduku lenye kitabu ambamo waliofika kileleni waliandika majina yao. Naona ni tabia ya binadamu: akifika mahali kwa jasho lake hupenda kuacha neno kwa atakayemfuata.

Mwanzoni mwa mwezi wa Mei mwaka 2000, Serikali ya Marekani, iliyo na setilaiti za GPS, iliacha kuzivuruga kwa makusudi ishara zilizotolewa kwa raia. Kabla ya siku hiyo mtambo wa raia uliweza kukosea kwa kadiri ya mita mia moja. Baada yake kosa likapungua likawa la mita chache tu. Tarehe 3 Mei mtu mmoja, Dave Ulmer, akaenda msituni karibu na mji wa Portland katika jimbo la Oregon, akaficha ndoo, akatangaza namba zake. Ndani alitia vitabu, manati, kopo la maharagwe na vitu vingine kama hivyo. Kwa muda wa siku tatu hivi ndoo ilikuwa imekwisha kupatikana. Kutoka ndoo hiyo moja, leo yako makopo zaidi ya milioni tatu duniani, katika mabara yote. Mwaka 2008 hata kituo cha anga kinachozunguka dunia kilifanywa kuwa mahali pa mchezo huu.

Labda msomaji atauliza, haya ya Oregon na ya angani yanatuhusu nini sisi wa Lagangabilili? Yanatuhusu, na nitaeleza kwa nini.

Sisi hapa tu karibu sana na digrii 3 kusini mwa Ikweta, na digrii 34 mashariki mwa Greenwich. Digrii moja ya latitudo ni kama kilometa 111. Digrii hugawanywa katika dakika 60, na dakika moja ni kilometa moja na mita 850 hivi. Wachezaji wa msako wa kopo huigawa dakika katika sehemu elfu moja, na sehemu moja ya elfu haifiki mita mbili. Maana yake ni kwamba ukiandika namba zako kwa ukamilifu, umetaja mahali pasipozidi ukubwa wa mkeka. Na kwa kuwa tu karibu na Ikweta, hesabu ya longitudo kwetu ni karibu sawa na ile ya latitudo, jambo ambalo wanafunzi wa Ulaya hawana. Wao dakika zao za longitudo ni fupi. Siku nilipoyaelewa hayo darasani, latitudo ilikoma kuwa mstari wa kuchora kwa ajili ya mtihani. Ikawa ni kitu ninachokikanyaga nikienda kuteka maji.

Kadhalika setilaiti. Ziko kama thelathini zinazofanya kazi, nazo huizunguka dunia katika kimo cha kilometa 20,200 hivi, kila moja mara mbili kwa siku. Kila moja hutangaza saa yake. Mtambo ulio mkononi hulinganisha saa ishara ilipotoka na saa ilipofika, hukadiria umbali, na ukipata setilaiti nne hujua uko wapi. Ishara hizo hazidai vocha wala bando. Simu yenye kipokezi cha GPS huzipokea hata kondeni pasipo na mnara. Kwa hiyo jambo hili si la matajiri wa mjini peke yao. Liko juu ya vichwa vyetu mchana na usiku, nasi hatujaligusa.

Lakini jambo lililonivuta zaidi si setilaiti, ni watu. Kopo la mchezo halina kufuli. Anayelificha humwamini mtu asiyemjua, ambaye huenda hatamwona maisha yake yote, kwamba akilipata hataliiba wala hataliharibu. Na mara nyingi mtu huyo huwa mwaminifu. Wachezaji wana desturi zao: kopo halitiwi chakula, kwa sababu wanyama watalichimbua, halitiwi kisu, wala kilevi, haichimbwi ardhi ili kulizika, na kopo moja halikaribii jingine kwa mita 161. Tangu mwaka 2002 wana siku za kukutana na kuokota takataka mahali wanapochezea, ili mahali pawe safi kuliko walivyopakuta. Mgeni akifika mji asioujua, mwenyeji mchezaji humwelekeza. Nimeona huo ni undugu wa namna nzuri, nao hauna kiingilio.

Sasa niingie katika kosa langu.

Likizo ya mwezi wa Desemba nilikwenda kwa mjomba wangu, katika kijiji ambacho sitakitaja. Mjomba ana simu yenye GPS, naye hakuwa mchoyo. Niliwakusanya binamu zangu wadogo nikawaeleza mchezo, wakaufurahia mno. Nikatafuta kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kizuri. Ndani nikatia kidaftari, penseli na gololi tatu. Ili daftari lisilowe nililizungushia kitambaa, na kitambaa kilichokuwako nyumbani kilikuwa chekundu. Juu ya kifuniko nikaandika namba za mahali kwa wino mweusi. Kisha nikalificha chini ya mkwaju ulio mpakani mwa shamba la pamba, nikarudi nyumbani nikijiona mtu wa maana.

Ile shamba si yetu. Sikumwuliza mwenye shamba. Sikumwambia mtu yeyote mzima isipokuwa mjomba, naye nilimwambia nusu.

Asubuhi ya pili tulisikia yowe. Mama mwenye shamba alikuwa amekwenda kupalilia, jembe lake likagonga kopo, kifuniko kikafunguka, akaona kitambaa chekundu. Mtoto wake mdogo alikuwa na homa tangu siku mbili. Nilipofika nilikuta watu kama thelathini wamesimama mbali na mkwaju, hapana aliyethubutu kukaribia. Namba zilizokuwa juu ya kifuniko zilikuwa zimeonekana, na kila mtu alikuwa na maana yake. Mmoja alisema ni siku za kufa. Mwingine alisema ni idadi ya ng'ombe. Kisha nikasikia jina likitajwa. Lilitajwa kwa sauti ya chini, halafu kwa sauti ya juu kidogo. Lilikuwa jina la bibi mmoja mjane, akaaye peke yake, ambaye macho yake ni mekundu.

Wasomaji wapenzi, sote twajua maana ya jambo hilo, na ni aibu yetu sote. Katika nchi hii ya Usukuma vikongwe wengi wameuawa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu na mtu akasema ni wachawi. Na wekundu huo mara nyingi si kitu ila moshi. Ni moshi wa samadi na wa mabua ya pamba, walioupikia kwa miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, wakiwalisha watoto na wajukuu ambao leo wanawaogopa.

Mjomba akanitazama usoni. "Ni lako?"

"Ni langu, mjomba."

"Basi nenda ukaliokote mbele ya watu wote."

Nilikwenda. Miguu ilikuwa mizito kama niliyekanyaga tope la mbugani. Mwenyekiti wa kitongoji aliniamuru nikitoe kila kitu kimoja kimoja na kukitaja: daftari, penseli, gololi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaniamuru nisome kwa sauti kilichoandikwa katika daftari. Nikasoma: "Hili ni kopo la mchezo. Ukilipata, andika jina lako." Watu wakatazamana. Maneno hayo nilikuwa nimeyaandika vizuri, kwa mwandiko safi, lakini nilikuwa nimeyaandika ndani. Nje niliandika namba tupu. Mtu aliyeogopa kulifungua kopo angeyasomaje?

Baadhi ya watu walicheka, wengine walinikemea, na mama mwenye shamba alilia kwa hasira, na haki alikuwa nayo. Mwenyekiti hakunitoza faini. Alinichukua hadi kwa yule bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiwe mwenye kopo?"

"Ndimi, bibi. Naomba unisamehe."

Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani hatanijibu. Kisha akasema, "Siku nyingine ukitaka kuficha kitu, njoo kwangu kwanza. Nitakuonyesha mahali."

Nimelifikiri neno hilo tangu siku ile, na naona ndani yake mna sheria yote ya mchezo huu. Kitu waweza kumficha mtafutaji, usimfiche mwenyeji. Mtafutaji amekubali kucheza. Mwenyeji hakuulizwa. Yule wa kwanza akiona kopo hufurahi, na yule wa pili akiona kopo lile lile hutetemeka, na tofauti si akili wala ujinga, bali ni kwamba mmoja ameambiwa na mwingine hakuambiwa.

Wala mtu asiseme kwamba hofu hii ni ya washamba wa huku kwetu. Mwezi wa Julai mwaka 2011, katika mji wa Wetherby huko Uingereza, mtu alionekana akishughulika na kitu kidogo kando ya mkahawa. Watu wakadhani ni bomu. Polisi wakaitwa, barabara ikafungwa, na wataalamu wa mabomu wakakilipua. Kilikuwa kisanduku cha mchezo huu huu. Huko wanaogopa bomu, huku twaogopa uchawi, lakini mzizi ni mmoja: kitu cha siri kimewekwa mahali pa watu, na watu hawakuambiwa. Ndiyo sababu katika kanuni za mchezo huu duniani imo kanuni ya kupata idhini ya mwenye mahali. Mimi nilikuwa nimezisoma kanuni zote nikairuka hiyo moja, kwa kuwa niliona ni ya wazungu wenye mashamba yaliyozungushiwa waya. Kumbe ni ya kwetu kuliko ya kwao.

Sasa huenda baadhi yenu mmekwisha kusema moyoni, "Basi mchezo wa namna hii wa nini? Uachwe." Mimi nasema usiachwe. Moto ukiunguza nyumba hatuachi kupika, twajenga jiko. Nami nitajibu hoja nne ambazo najua zitaletwa.

Hoja ya kwanza ni ya simu. Wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni, na sheria hiyo siipingi. Lakini mchezo wetu hauhitaji simu ya mwanafunzi. Mwalimu mmoja mwenye simu aweza kupima namba za mahali mara moja, akaziandika ubaoni. Kutoka hapo kazi ni ya dira, kamba ya mita na hatua zetu. Kila mwanafunzi apime hatua zake: katika mita mia moja anapiga hatua ngapi? Akiisha kujua hilo, yeye mwenyewe amekuwa chombo cha kupimia. Mwalimu atasema, "Kopo liko mita 340 kutoka mlingoti wa bendera, upande wa digrii 125 za dira." Twende tukalitafute. Kusoma ramani na kupima ardhi ni sehemu ya somo la Jiografia, nasi wengi wetu hujifunza mambo hayo kwa kukariri, tumekaa kwenye madawati, hali ardhi yenyewe iko dirishani.

Hoja ya pili ni ya wizi. Mtu atasema kopo likiachwa nje litachukuliwa siku hiyo hiyo. Yawezekana. Kopo zuri huku kwetu ni mali. Litatiwa chumvi au litatekea maji. Basi tutumie makopo yaliyotoboka, yasiyofaa kwa kazi nyingine, tukayafunga mfuko wa nailoni ndani. Likipotea tutaweka jingine. Lakini vilevile nauliza: je, tutajifunza lini kuaminiana ikiwa hatujaribu hata kwa kopo bovu? Mtoto aliyezoea kurudisha kopo la gololi palepale alipolikuta, ingawa hakuna aliyemwona, naamini ataona haya kesho kutwa kuiba fedha za chama cha ushirika.

Hoja ya tatu ni ya muda. Wazazi hutuleta shuleni tusome, si tutembee maporini. Ni kweli. Kwa hiyo naomba Jumamosi moja tu kwa mwezi, baada ya usafi. Wala msako huu si wa miguu tu. Ni hesabu, ni Jiografia, ni Baiolojia kwa anayetazama miti, na ni Historia kwa anayewauliza wazee kwa nini mahali fulani paliitwa jina fulani.

Hoja ya nne ni ya hatari, nayo ndiyo nzito. Porini mna nyoka. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbugani humshika mtu miguu. Tembo hutoka hifadhini wakaingia mashambani katika wilaya yetu hii. Tena wasichana wana hatari ambazo wavulana hawazifikirii. Kwa hiyo mtu asiende peke yake, na kila kundi liwe na mwalimu au mzazi. Makopo yasiwekwe mbali na makazi, wala katika mashimo ambamo mkono huingia bila jicho kuona. Wala yasiwekwe katika ua wa minyaa, maana utomvu wake huumiza macho. Wala katika ngitili ya mtu, kwa kuwa majani yale yamehifadhiwa kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi, hayakuhifadhiwa ili tuyakanyage.

Kuna faida moja ambayo sijaitaja, nayo ndiyo inayonifanya niseme kwa nguvu. Yeyote aliyewahi kuitafuta nchi yetu katika ramani za simu anajua kwamba vijiji vingi vya Tanzania huonekana kama mahali patupu. Barabara kuu huonekana. Njia ya kwenda kisimani haionekani. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu jijini Dar es Salaam walianza kuchora mitaa na mifereji yao katika kazi iitwayo Ramani Huria, ili mafuriko yakija ijulikane maji yatapita wapi na nani atahitaji msaada. Mwaka huo huo ulianza mradi mwingine uitwao Crowd2Map, ambao watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali huchora vijiji vya Tanzania kutoka picha za setilaiti, na wenyeji hutia majina. Sababu yake ilikuwa karibu nasi, huko Mugumu, wilaya ya Serengeti. Pale iko nyumba salama inayowapokea wasichana waliokimbia kukeketwa. Waliotoka usiku kwenda kumwokoa msichana kijijini hawakuwa na ramani ya kuwafikisha. Fikirini jambo hilo, wasomaji wapenzi: msichana anangoja, na gari linazunguka gizani kwa sababu hapana aliyewahi kuandika kijiji chake kiko wapi.

Sisi twaijua nchi hii. Kila aliyechunga ng'ombe hapa anajua mbuyu upi una pango, mto upi hukauka Julai, na njia ipi hupitika masika. Lakini ujuzi huo umo kichwani na miguuni tu, na mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana anayejifunza kuandika namba za mahali pa kopo amejifunza pia kuandika namba za kisima, za zahanati na za shule ya msingi. Kopo ni la mchezo. Ujuzi si wa mchezo.

Basi shauri langu ni hili. Tuanze na makopo matatu tu. Kila kopo liandikwe nje, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili: MCHEZO WA WANAFUNZI. FUNGUA, ANDIKA JINA, RUDISHA. Jina la shule liwepo. Lisitiwe kitambaa chekundu wala cheusi, wala hirizi ya mchezo, wala kitu chochote cha kumshtua mtu. Kabla halijawekwa, wanafunzi wawili na mwalimu waende kwa mwenye mahali, wapige hodi, wasalimie, waeleze, na wakikataliwa waage vizuri wakatafute pengine. Mwenyekiti wa kitongoji na sungusungu waambiwe. Na ikiwezekana, mahali pa kulificha tumwombe mwenyeji mwenyewe atuchagulie, hasa wazee, maana wao ndio wajuao mahali pazuri.

Nasema hivyo kwa ushahidi. Kabla likizo haijaisha, kopo langu lilihama kutoka mkwajuni likaenda nyuma ya kihenge cha yule bibi, mahali alipopachagua mwenyewe. Watoto waliokuwa wakikimbia wapitapo kwake sasa huingia uani, husema shikamoo, huuliza kopo liko wapi, naye huwadanganya kidogo ili wahangaike. Siku nilipoondoka daftari lilikuwa na majina kumi na moja, moja likiwa la mtoto wa yule mama mwenye shamba, ambaye homa yake ilitibiwa kwa dawa za malaria. Sisemi kwamba kopo limeondoa uvumi wa uchawi kijijini. Kopo haliwezi kazi hiyo. Nasema tu kwamba watoto kumi na moja sasa wanamjua bibi huyo kwa sauti yake, si kwa macho yake.

Namalizia kwa ombi la mwisho. Wako watu wengine wenye mchezo jirani na huu. Tangu mwaka 1996, alipouanzisha Mmarekani aitwaye Alex Jarrett, wao husafiri kwenda mahali ambapo mstari kamili wa latitudo unakata mstari kamili wa longitudo, bila dakika juu yake, wakapiga picha na kueleza walichokiona. Hawafichi kitu, dunia yenyewe imekwisha kuficha. Mahali pa namna hiyo pako karibu nasi. Digrii 3 kusini na digrii 34 mashariki hukutana kilometa ishirini na kitu kusini mwa mji wa Bariadi. Pale hapana nguzo wala bango. Pengine ni jaruba la mpunga, pengine shamba la dengu, pengine ni uani kwa mtu anayeota jua bila kujua kwamba mistari miwili ya dunia inapita chini ya kigoda chake.

Naomba safari ya kwanza ya chama chetu iwe ya kwenda huko. Nasi tutakapofika, kabla ya kupima na kabla ya kupiga picha, tumtafute mwenye mahali hapo, tuseme "Mwangaluka", na tumweleze tumefuata nini. Akitukaribisha, tutakuwa tumepata hazina mbili kwa siku moja. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini kwanza kwao wamjue, na yeye awajue.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu